Zamu ya Doto

Serikali ya Australia, kule Canberra, ilitaka Kirrily ajaze jina moja tu la pacha wake wachanga. Pacha mmoja alipiwe malipo ya likizo ya uzazi, yale manono. Mwenzake apate posho ya familia, basi.

"Mwandike kurwa, mpenzi," mumewe alisema huku akikoroga chai. "Si zote zinaingia mfuko uleule?"

Dada yake Kirrily, aliyempakata kurwa, akacheka. "Wa kwanza ni wa kwanza tu, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Na wao wawili walizaliwa siku moja. Lakini Kirrily ndiye aliyekuwa doto, na kila mwaka alipuliza mishumaa ambayo dada alishaipuliza, ikawashwa tena kwa ajili yake, nta imeshachuruzikia keki.

Akaandika jina la mwanawe doto kwenye fomu ya mtandaoni. Akabonyeza kuituma.

"Kumbe bado una kijicho?" dada akauliza. "Mpaka kwa watoto?"

Kurwa akaanza kulia, kinywa wazi, vidole vikipapasa hewa. Dada akamnyooshea mtoto. "Haya, mchukue. Anakutaka wewe."

Kirrily akainuka, akawapita, akaenda kumbeba doto, aliyekuwa amelala fofofo.