Mtahini Hayupo

"Nikishakaa kwenye kiti hiki, mimi sipo," alisema Bi Msumari, kiganja kikiwa kwenye taya. "Usiniangalie, usiniulize kitu. Humu mna wewe na mgonjwa, basi. Na lile dirisha lifungue, hamna hewa."

Mwanafunzi alifungua. Upepo wa baridi ukampiga usoni, akashangaa huyo anayelalamikia hewa ni mtu wa namna gani. Jina la Msumari lilikuwa la wanafunzi, la kunong'ona tu. Na hilo taya? Labda jino. Kwa jinsi alivyowatafuna watoto wa watu miaka yote, meno nayo yana haki ya kuchoka.

Siku nyingine angecheka. Leo hapana. Mtihani huu wa uuguzi alishaanguka mara moja, na wa pili ndio wa mwisho. Akishindwa, anafungasha virago na kurudi kwa mama yake, aliyemsomesha kwa kushona nguo za watu mpaka macho yakaanza kumsaliti.

Mara ile ya kwanza majibu yote aliyajua. Kilichomponza ni shingo. Kila alipomuuliza mgonjwa swali, aligeuka kumtazama mtahini, amepatia au amekosea.

"Umenihudumia mimi," Bi Msumari alimwambia. "Mgonjwa wako ameshakufa."

Wakamrudisha wodini. Huko aliangukia kwa bibi mmoja aliyepooza, asiyeweza kutamka neno. Alimwogesha, akamlisha, mpaka akajua kutofautisha vidole vinavyokunjwa kwa maumivu na vinavyokunjwa kwa aibu. Bibi alipofariki, alilia kama amefiwa na bibi yake mwenyewe. Tangu hapo, mgonjwa akiwa mbele yake, hakuona kitu kingine.

Kitandani sasa alilala mzee mwigizaji, ambaye chuo kilimkodi aje augue.

"Shikamoo, baba. Unasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kifua. Kama mtu amenikalia."

Jasho lilimtiririka mzee. Mwanafunzi alivuta kiti, akamshika mkono.

Nyuma yake Bi Msumari alishusha pumzi nzito. Shingo ikamwasha. Hakugeuka.

"Maumivu yalianza lini, baba?"

"Asubuhi, nikipanda ngazi. Nikadhani uchovu."

Nyuma, kiti kililia. Kisha kalamu ikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeiokota. Ameacha kuandika, aliwaza mwanafunzi. Amenikatia tamaa. Mama yangu, nitakuambia nini?

Akaubana mkono wa mzee. Liwalo na liwe, huyu hatamwacha.

"Maumivu yanashuka mkononi?"

"Huu wa kushoto."

"Yanapanda mpaka kwenye taya?"

"Hapana. Taya haliumi."

Mzee akaguna, akajinyonganyonga kitandani, mto ukalowa. Mwanafunzi alimtazama vidole, akaviona vikikunjwa kama vya yule bibi alipoumwa, na baridi ikampita mgongoni. Nani huigiza hivi? Watu huugua popote, hata kazini, na kazi ya huyu ni kulala hapa akilalama. Nani angemwamini?

Chumba kilikuwa kimya. Hata zile pumzi nzito za nyuma hazikusikika tena. Kuuliza swali lililokuwa mdomoni mwake kulikuwa kosa la kufelisha, alilijua hilo. Akamwinamia mzee.

"Baba, niambie ukweli. Unaumwa kweli?"

Mzee akafumbua macho. Akayapitisha juu ya bega la mwanafunzi, yakaganda huko, na mguno ukamkatikia kooni. Akajiinua kitako, akajifuta lile jasho kwa kiganja.

"Haya ni maji ya bomba, mwanangu, mimi naigiza," alisema kwa sauti ya mtu mzima wa afya. "Huyo mama nyuma yako je?"