Mpaka Akiri Umemwelewa

Hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza barazani mpaka aieleze hoja ya mpinzani wake, naye mpinzani akiri mbele ya kifaa cha kata cha kurekodi sauti: "Umenielewa." Nakijwa alipangiwa mumewe kuwa mpinzani.

Mume alitaka zahanati ihamishiwe bondeni. Nakijwa alipinga, maana binti yao Elinami alikuwa na mimba ya miezi minane, na kushuka huko ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mume alipoeleza hoja ya mkewe, Nakijwa alikiri papo hapo. Zamu yake ikafika. Akaeleza habari za barabara, dawa zinazochelewa, waganga wanaokataa kupanda mlima.

"Bado, Mama Elinami," mumewe akasema.

Siku tisa alirudia, mpaka sauti ikamkauka. "Bado."

Siku ya baraza hakuruhusiwa kusimama kuzungumza. Kura zikapigwa, zahanati ikahamishwa.

Nyumbani akauliza, "Baba Elinami, ni wapi sikukuelewa?"

"Ulinielewa tangu siku ya kwanza. Lakini ungesimama pale, wangekufuata wewe."

Akaendelea kula. Elinami akainuka taratibu, mkono kiunoni, kumletea babaye maji ya kunawa.