Mvua ya Ng'ambo ya Mlima

Simu iliita wakati Namkunda na mumewe Kiangi wakiwa wamepitisha gogo chini ya tumbo la ng'ombe wao wa mwisho, wakijaribu kumwinua. Ng'ombe aliyeangushwa na njaa asipoinuliwa mapema, hainuki tena. Gogo liliteleza, wote wawili wakaketi mavumbini.

Aliyepiga alikuwa Nakiete, mdogo wake Namkunda, aliyeolewa ng'ambo ya mlima.

“Dada, maji yameingia ndani,” alisema akilia. “Ukuta wa jikoni umeanguka. Watoto nimewapandisha juu ya meza. Nifanye nini?”

Namkunda aliutazama mlima. Mawingu meusi yalikuwa yamerundikana kileleni, lakini upande wa huku mbingu ilikuwa tupu. Msimu mzima mvua ilikuwa ikiishia pale pale.

“Tokeni, mdogo wangu. Kimbilieni juu.”

“Njia imekatika, dada.”

Namkunda aliikaza simu sikioni. Hata angeweza kufika huko leo, angefika na nini mkononi? Akaiweka simu kwenye spika ili Kiangi naye asikie, labda yeye angekuwa na neno. Kiangi alitikisa kichwa tu, akainamia gogo.

Kwenye simu ikabaki mvua peke yake, ikipiga mabati kwa kishindo.

Ng'ombe alisimamisha masikio. Akanyoosha shingo kuelekea ile sauti, akatoa ulimi uliokauka, akaanza kulamba hewa.