Mlinzi wa Anga Aliyetazama Chini

Mwewe alipokwisha kunyakua vifaranga watano wa Tetea na kumwachia mmoja, Jogoo akaunda kikosi cha kulinda anga. Walinzi sita walisimama shingo juu. Kobe naye akaomba zamu.

"Babu, shingo haiinuki!" Jogoo akacheka. "Utalinda anga kwa kutazama vumbi?"

"Kwani Mwewe hana kivuli?"

Adhuhuri, uwanja ulielea kwa joto kama ndoto. Mwewe akashuka kutoka upande wa jua, na mwanga ukawafumba macho walinzi wote sita. Kobe akaona doa jeusi likiteleza mchangani, taratibu, likimwendea kifaranga.

"Kimbia, mjukuu wangu!"

Kifaranga akajitupa chini ya gamba la Kobe. Mwewe akaambulia vumbi.

Jogoo akaja, kilemba kimelegea.

"Babu," akanong'ona, "nifundishe kuinama."