Aliyewahi Kuitikia

"Baba nawe! Nani siku hizi ananunua diski?" binti alicheka.

Baba yake, fundi bomba, alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la muziki. Aliibana hedifoni masikioni kwa vidole vilivyogandwa na gundi, akisikiliza mkusanyiko wa nyimbo zilizotamba za mwimbaji mmoja wa zamani. Kanda yake ya zamani ilikuwa imetafunwa na redio.

Marehemu mkewe alikuwa mmoja wa waitikiaji katika wimbo uliokuwa ukipigwa sasa. Siku ya kurekodi aliwahi kuingia kabla ya wenzake, akaangua kicheko. Kama wamelifuta kosa lile, hanunui.

"Mzee, unanunua au unastarehe tu?" muuzaji alimtania.

Fundi aliinua kidole kumnyamazisha. Ghafla akaivua hedifoni, akamvalisha binti, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ya mama yake.

"Rudisha nyuma kidogo," alimwambia muuzaji.