Chupa za Harusini

Harusi ilinoga, watu walijaa mpaka barazani, lakini Bi Tunu hakugusa pilau. Alikuwa na kazi moja: kila mgeni aliyemaliza maji, alimpokonya chupa, akaiminya na kuisokota mpaka ikalia, kisha akaitupa uani.

Mlangoni alisimama Kibwana, muuza maji, na gunia lake tupu.

"Bi mkubwa, hizo huwa naziokota mimi," alisema kwa upole.

"Najua, baba. Ndiyo maana."

Wanawake waliacha kula. Mtaa mzima ulijua kwamba Kibwana huzijaza chupa hizo maji ya kisima, akazitia vifuniko vipya na kuziuza dukani. Ulijua pia mjukuu wa Bi Tunu alikunywa maji ya nani kabla ya kuharisha na kufa. Kusemwa, Kibwana alisemwa sana, ila kisogoni kwake.

"Nipe na hiyo yako, shoga," mmoja alimwambia mwenzake, akaiminya. Punde nyumba nzima ikawa inalia plastiki.

Kibwana akageuka aondoke. Bi Tunu akamshika mkono, akatoa mkobani chupa iliyojaa, ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, aliyoiweka tangu msiba wa mjukuu.

"Hii ni yako. Jua kali hili, kunywa. Sisi tutakungoja."

Kelele zikakatika. Kibwana alikifungua kifuniko, akaileta chupa karibu na midomo. Hapo vidole vyake vikaanza kuiminya, na maji yakapanda taratibu mpaka ukingoni, yakamwagika chini bila yeye kuonja hata tone.