Cheti cha Kwanza cha Mmojatu

"Usiiguse programu yangu, dada. Imekamilika," alisema Mmojatu, akifuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya tai yake mpya.

Saa nne angefunga ndoa hapo hapo kazini kwake, ofisi ya vyeti vya ndoa, na cheti cha kwanza kutoka kwenye programu hiyo kingekuwa chake. Alikwisha kuwatangazia hadi walinzi wa getini.

Jina la Mmojatu alipewa na wenzake. Katika kila programu aliyoandika, alitengeneza kitu kimoja tu cha kuhudumia jengo zima, kama nyumba yenye kikombe kimoja: baba anywee, mgeni anywee, mwenye kikohozi naye anywee.

Mkaguzi wa programu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakuondoka.

"Kaka, ukiomba cheti kipya, hicho kitu kimoja chako kinarudisha cheti kile kile kilichoingizwa mwanzo."

"Mbona kwangu hakijawahi kukosea?"

"Kwako umejaribu kwa cheti kimoja. Cha nani?"

"Aa, karatasi fulani kuukuu tu. Na wewe harusini nani kakualika, au umekuja kukagua na pilau?"

Wageni waliokwisha kufika wakacheka. Mkaguzi akaenda kukaa nyuma.

Bibi harusi, fundi cherehani, aliingia amevaa gauni alilolishona mwenyewe, vifungo ishirini na viwili mgongoni, kila kimoja kimevishwa kitambaa. Karani akasoma fomu.

"Bwana, umeandika hujawahi kuoa."

"Kamwe!" alijibu Mmojatu, kwa sauti ya kusikika hadi uani.

Mama yake, kwenye kiti cha mbele, alikohoa kidogo.

Wakaapa, wakatia saini. Karani akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikakoroma, ikatema karatasi. Karani akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Jina la bibi harusi... silo."

"Mashine imelewa kabla yetu!" alipayuka mjomba mmoja, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Mmojatu hakucheka. Alinyoosha mkono aichukue, lakini bibi harusi alimtangulia.

"Hitilafu tu hiyo, mpenzi," alisema Mmojatu, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai. "Programu yenyewe mbovu, takataka kabisa, haifai kuaminiwa! Dada mkaguzi, si ulisema? Hebu waambie!"

"Nilisema," mkaguzi alijibu kutoka nyuma. "Ila haibuni kitu, kaka. Inarudisha tu ulichoiingizia."

Mshonaji alisoma taratibu, ukucha ukifuata mstari kama anayekagua mshono. Mume: jina lake, la baba yake, la babu yake, tarehe ya kuzaliwa, vyote sawasawa. Siku ya ndoa: miaka tisa iliyopita. Shahidi: mama mzazi wa bwana harusi.

Akainua macho, akakitazama kiti cha mbele.

Mama mkwe alikuwa ameinamia mkoba wake, anatafuta kitu.